Pikipiki Iliyobaki Kwenye Mkonge

"Shuka kwa hiyo baiskeli, Agneta! Umekaa juu ya keria kama gunia la viazi, na mimi niko hapa na kiti cha ngozi!"

Nyongesa alipunguza mwendo wa pikipiki yake akawa sambamba na baiskeli ya Eliakim. Vumbi lote la barabara ya Misikhu likamwingia Eliakim mdomoni.

"Gunia la viazi linashibisha watu," Agneta alimjibu bila kugeuza shingo. "Hapo nyuma yako kumekaa nini? Upepo tu."

Baiskeli zote zikayumba kwa kicheko. Nyongesa naye akacheka, maana mtu aliyevaa koti la ngozi kwenye jua la Desemba hawezi kukubali kwamba ameguswa. Akavuta miwani yake ya vumbi, akaongeza moto, akapita mbele akiwaachia moshi.

"Moshi mwingi kuliko jiko la harusi," Eliakim alinung'unika, akitema mchanga.

"Wewe kanyaga," Agneta akamwambia. "Mwenye moshi ameshafika pale mbele. Wewe uko wapi?"

Ilikuwa siku ya pili ya Krismasi, mwaka wa elfu moja mia tisa na hamsini. Vijana wa kanisa walikuwa wametoka Lugulu baada ya maombi ya alfajiri, msafara mzima wa baiskeli, wanaume wakikanyaga na wasichana wakiwa kwenye keria. Walikuwa wanakwenda Kitale kuimba kwa ndugu wa huko, walale, kesho yake warudi. Na kwa sababu siku za sikukuu masetla, wale wazungu wenye mashamba, hutoa nje kila chombo walicho nacho, walikuwa na mchezo wao wa njiani. Wa kwanza kuona motokaa au pikipiki, na kuitaja jina lake sawasawa, anapata punje moja ya hindi. Mwenye kutunza punje alikuwa Wilkista, senge yake Agneta, yaani dada ya baba yake. Alikuwa mama mjane, amekaa wima nyuma ya Wabwile kiongozi wa kwaya, Biblia kwenye kikapu, macho yakiwa kila mahali. Baba mtu alikuwa amesema msichana hatakwenda Kitale bila senge, na senge akakubali bila kubembelezwa, maana alikuwa na lake la kuangalia.

Mchezo ule Nyongesa alikuwa anaumaliza peke yake. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye shamba la setla upande wa Kachibora, na kila chombo alikijua kabla hakijatokeza kwenye kona.

"Austin!" anapaza sauti. "Na mwenyewe anaiendesha kama anafukuza kuku."

Kweli inatokea Austin.

"Matchless ya jeshi! Tazameni yule mzee alivyoikalia, kama mwanamke anayesaga wimbi."

Kweli inapita Matchless, na mzungu mwenye ndevu juu yake.

"Bedford! Imebeba wacheza mpira, wote vilema."

Senge Wilkista anatoa punje, anamtupia kwenye kofia yake.

Eliakim naye alikuwa akijaribu. Kila kikionekana kitu chenye magurudumu, anapiga kelele, "Ford!"

"Hiyo ni Morris," wanamwambia.

Kinakuja kingine. "Ford!"

"Eliakim, hiyo ni trekta, bana!"

"Si inatembea?"

Agneta akamfinya mgongoni. "Unanitia aibu. Huwezi kunyamaza?"

"Nikinyamaza unasema sisemi. Nikisema unasema ninyamaze. Wewe mwanamke unataka nini?"

Alichotaka Agneta alikuwa amekingoja miaka miwili. Miaka miwili Eliakim anaimba besi nyuma yake, anambebea kuni za mama yake, anamtengenezea mlango wa jiko, halafu jioni anasema "Haya, mulembe, lala salama," anakwenda zake. Neno lenyewe halitoki. Agosti ndipo Nyongesa akatokea Lugulu na pikipiki yake. Alilisema neno siku ya tatu tu, mbele ya baba mtu, akiwa na sukari mkononi. Akaapa mbele ya wazee wa kanisa kwamba ni kijana mtupu, hajawahi kuwa na mwanamke. Sasa Jumamosi hii wazee wake walikuwa wanakuja kuzungumza mambo ya ng'ombe. Baba alikuwa ameshachinja kondoo kwa mawazo. Kilichobaki ni Agneta kusema ndiyo.

Na alikuwa karibu kusema. Hakumpenda Nyongesa, ila alikuwa amemdharau Eliakim mpaka akachoka.

Senge peke yake ndiye aliyesita. "Huyu kijana anaomba akiwa amefumbua macho," alisema mara moja.

"Senge, ulijuaje? Si na wewe ulikuwa umefumba?"

"Mimi ni mjane. Mungu ananiruhusu jicho moja."

Basi walipovuka mto Kamukuywa na kuingia nchi ya masetla, Nyongesa akasimamisha pikipiki katikati ya njia, akapanua mikono kama polisi.

"Simameni nyote! Senge, hesabu hizo punje."

"Za nini? Kila mtu anaona kofia yako imejaa na ya Eliakim ina chawa."

"Haina chawa, mama," Eliakim akasema.

"Haina mahindi pia."

"Sasa," Nyongesa akaendelea, "naweka neno. Nikiotea chombo kimoja zaidi, Agneta anapanda hapa nyuma, na tunaingia Kitale pamoja, watu wote wakiona. Sawa?"

Kila mmoja alijua maana yake. Msichana wa kanisa akiingia mjini nyuma ya mwanamume namna hiyo, mikono kiunoni mwake, mchana kweupe, hakuna atakayengoja Jumamosi kumuuliza jibu.

"Mimi si punje ya hindi," Agneta akasema.

"Unaogopa?"

"Nakuogopa wewe? Umevaa ngozi nzima ya ng'ombe na unatoka jasho kama sufuria."

"Basi kubali."

Agneta akamtazama Eliakim. Alimpa nafasi, Mungu ni shahidi. Alimtazama muda ambao mtu angeweza kusema Baba Yetu mpaka mkate wa kila siku. Eliakim akashika pedali kwa mkono, akaizungusha nyuma, akaizungusha mbele.

"Mnyororo umelegea," akasema.

"Haya!" Agneta akasema kwa sauti iliyomshtua hata yeye. "Nimekubali. Ukitaja chombo kimoja zaidi, napanda."

Senge akafunika kikapu. "Mtoto wa ndugu yangu, unajua unachosema?"

"Najua, Senge. Afadhali moshi unaotembea kuliko mnyororo uliolegea."

Eliakim aliinama, na masikio yake yakawa mazito kama mtu aliyepigwa makofi. Akaendelea kuzungusha pedali, na Agneta akamdharau zaidi.

Wakaendelea. Barabara ikakaa kimya, kama vyombo vyote vya Trans-Nzoia vimeambiwa visitoke. Walipokaribia Kiminini, mahali ambapo ua wa mkonge unafuata njia pande zote mbili, Nyongesa akazima injini ghafla na kuinua kidole.

"Nyamazeni. Mnasikia?"

Kwa mbali kulikuwa na mlio, mzito, wa kukohoa, kama mzee anayepanda ngazi.

"Hiyo si ya siku hizi," Nyongesa akasema, na uso wake ukang'aa kweli, maana kwa mambo ya motokaa hakuwa mwongo. "Hiyo ni ya kabla hamjazaliwa. Mwili wa mbao, taa za shaba. Ziko chache sana nchi hii. Pangeni mstari mwone! Jina nitalitaja ikitokeza, mtu asiseme sijaiona kwa macho. Pangeni, pangeni! Agneta, kaa hapa mbele, uone unavyojipoteza kwenye keria."

Akawapanga mwenyewe. Akamshika Wabwile bega akamsogeza. Akamwomba Senge asimame mahali pazuri. Watu wote macho mbele, kama wanangoja picha kupigwa.

Ikatokeza. Jamani, kilikuwa kitu cha kutazama! Motokaa ndefu ya zamani, nyuma imejengwa mbao kama banda la kuku la tajiri, magurudumu ya mti, taa mbili za shaba zilizosuguliwa zikawaka jua. Mvuke ulikuwa unatoka puani. Iliposogea karibu na mstari wa watu ikapiga chafya, ikasimama.

"Eee!" wasichana wakapiga vigelegele. "Nyongesa, taja! Taja jina lake!"

Wakangoja jina.

"Nyongesa!"

Agneta akageuka. Pikipiki ilikuwa pale, imesimama kwa mguu wake. Nyongesa alikuwa amechuchumaa nyuma yake, uso umeingia kati ya injini na gurudumu.

"Kuna nati," akasema kwa sauti ya chini. "Naangalia nati."

"Taja jina kwanza."

"Ngoja."

Dereva akashuka na debe. Alikuwa Ngari, mtu kutoka Nyeri, mchangamfu, kofia imekaa upande. "Krismasi njema! Mko na maji hapo chini? Huyu mzee wangu amekauka koo." Kisha akafungua mlango wa nyuma. "Mama, shuka upunge hewa. Tutakaa kidogo." Akashika debe, akaenda kutafuta maji.

Akashuka mama wa makamo, amevaa gauni safi la sikukuu na leso mbili. Aliweka mguu mmoja chini, akainua macho kuwasalimu watu, akaona koti la ngozi nyuma ya pikipiki. Pale pale akavuta leso ikamfunika uso mzima, akageuka, akawapa mgongo.

Na Nyongesa, aliyechungulia kidogo tu, akatoka mbio. Hakutazama njia. Aliingia kwenye mkonge kama ng'ombe aliyeumwa na nyuki, miiba ikamchana koti la ngozi krr! krr! mpaka akapotea upande wa pili.

Hakuna aliyecheka mwanzoni, maana wote walikuwa wameelewa kwa wakati mmoja.

Kwetu Bukusu, mwanamume na mama aliyemzaa mkewe hawakutani uso kwa uso. Hawapeani mkono, hawakai jiko moja. Wakikutana njiani, kila mmoja anamwachia mwenzake njia na kuficha macho, na asiyefanya hivyo amejiletea aibu ya maisha. Mtu anaweza kuwadanganya wazee wa kanisa. Anaweza kumdanganya hata DC. Lakini mbele ya mama mkwe miguu yake ndiyo itakayosema.

Senge Wilkista akawa wa kwanza kupata ulimi. "Mungu si Athumani," akasema polepole. "Kijana mtupu huyo."

"Si mama mkwe wangu!" sauti ikatoka kwenye mkonge. "Ni wa ndugu yangu! Ni mama ya bibi ya ndugu yangu!"

"Na mbona ndugu yako ndiye hayuko kwa hiyo miiba?" Wabwile akauliza. Hapo ndipo kicheko kilipopasuka, wengine wakaangusha baiskeli.

Agneta hakucheka. Alikwenda mpaka kwenye ua wa mkonge, akasimama, mikono kiunoni.

"Nyongesa."

"Agneta, mpenzi wangu, nisikilize mimi..."

"Wewe ndiwe utanisikiliza. Hutaki hata kutaja jina la motokaa. Hiyo punje nakuachia bure. Toka hapo, uje umpe huyu mama mkono, umwambie Krismasi njema, basi. Ukifanya hivyo nitapanda pikipiki yako hadi Kitale, na Jumamosi nitasema ndiyo. Hawa wote wamesikia."

Mkonge ukatikisika kidogo. Watu wakangoja. Yule mama alikuwa bado amewapa mgongo.

"Mkono tu, Nyongesa. Mkono ni kitu gani kwa mwanamume wa kofia ya mahindi?"

"Siwezi," sauti ikasema, ndogo kabisa.

"Sema tena, wa nyuma hawakusikia."

"Siwezi!"

"Asante. Hilo ndilo neno la kwanza la kweli umenipa tangu Agosti."

Ngari alikuwa amerudi na debe lake la maji, anatazama mkonge, anatazama watu, haelewi. Huko kwao mambo hayo hayako hivyo. "Huyo ndani si Nyongesa wetu wa karakana? Wewe Nyongesa! Unamkimbiaje mama ya bibi yako? Si ni wewe uliniomba nimletee mama chai kila asubuhi, ati wewe unakwenda kazini?" Akawageukia wengine. "Mama alikuja kumsaidia binti yake, amejifungua kitoto kizuri sana, mvulana. Sasa bwana wa shamba ameniazimia motokaa hii ya jirani nimrudishe nyumbani Kamukuywa. Nimesema kitu kibaya?"

"Hapana, ndugu," Senge akamwambia. "Umehubiri vizuri."

Agneta akachota maji ya debe kwa kikombe cha safari, akamzunguka yule mama, akapiga goti mbele yake.

"Mulembe, mayi," akamwamkia, yaani salamu, mama. "Kunywa maji."

Mama akafunua uso kidogo, jicho moja. Akamwangalia msichana, akaangalia nguo zake za kanisa, akaelewa yote bila kuambiwa. "Alikuwa anakuja kwenu?" akauliza.

"Jumamosi, mayi."

"Na binti yangu ameambiwa Jumamosi kuna kazi ya trekta." Akanywa maji, akarudisha kikombe. "Mwanangu, mimi sijamsema mkwe wangu. Umenisikia nikimsema?"

"Sijakusikia, mayi. Umegeuka tu."

"Basi. Ngari! Hiyo motokaa ipoe vizuri. Sina haraka. Sikukuu ni ndefu." Akachukua kikapu chake, akatembea pole pole mpaka kwenye pikipiki, akatandika leso ya pili chini kando ya gurudumu, akaketi hapo, mgongo ameupa mkonge. Akatoa ndizi za kuchemsha, akaanza kula, moja moja.

Kutoka ndani ya miiba kulisikika mtu akisema, "Ee Mungu wangu."

"Fumba macho ukiomba!" Senge akamjibu.

Vijana wakapanda baiskeli zao wakiwa wamelegea kwa kicheko. Agneta akabaki katikati ya njia, hana pa kukaa. Eliakim alikuwa ameshika baiskeli yake, hajui aiegemeze wapi.

"Unatazama nini?" Agneta akamgeukia, na macho yake sasa yalikuwa na maji. "Umefurahi? Wewe ni afadhali gani? Yule alisema uongo siku ya tatu. Wewe miaka miwili hukusema hata uongo!"

"Nilikuwa nangoja kaka yangu Wekoye aoe. Yeye ni mkubwa wangu. Ningemtangulia vipi?"

"Wekoye ameoa Julai! Nilikuwa mpishi kwa ile harusi!"

"Ndiyo. Nikasema nipumzike mwezi mmoja. Halafu nikasikia pikipiki."

"Ukasikia pikipiki!"

"Baba yako alikuwa anaifuta vumbi kwa shati lake mwenyewe, Agneta. Ningekuja na nini? Na pampu ya baiskeli?"

"Ungekuja na mdomo!"

Senge akakohoa. "Kijana, mimi niko hapa kwa niaba ya baba yake. Jua linakwenda. Kama una mdomo, uoshe uutumie."

Eliakim akalaza baiskeli chini. Akavua kofia yake tupu. "Senge," akasema, na besi yake ya kwaya ikatetemeka kama ya mtoto, "namtaka Agneta. Nimemtaka tangu ule mlango wa jiko. Haukuwa umeharibika sana, ule mlango. Nilikuwa naulegeza mwenyewe nikiondoka, nipate kurudi."

Agneta akafuta macho kwa ncha ya leso.

"Mama yangu alipoteza mbuzi kwa mlango ule," akasema.

"Nitalipa mbuzi."

"Mjinga wewe."

"Najua."

"Inua hiyo baiskeli. Na ukaze mnyororo, nisije nikaanguka kabla ya kukujibu."

Akapanda kwenye keria, akakaa upande, akajifunga leso. Halafu, mbele ya Senge, mbele ya kwaya nzima, akaweka mkono wake kiunoni mwa Eliakim, na hivyo ndivyo walivyoingia Kitale. Pikipiki waliiacha kule nyuma, na mama amekaa kando yake anakula ndizi.

Jumamosi wazee wa Nyongesa hawakuonekana. Senge alikuwa amemsimulia baba yake Agneta tangu mwanzo mpaka mwisho, na baba akalichoma lile shati la kufutia vumbi. Eliakim alikuja na wazee wake na mbuzi mmoja mbele ya ng'ombe, wa kulipa mlango.

Wakafunga ndoa baada ya Pasaka. Watu wa Lugulu walisema bwana harusi angekodi hata lori, lakini bibi harusi mwenyewe alitaka keria. Wakatoka kanisani na msafara uleule wa baiskeli, maua kwenye usukani, Senge Wilkista nyuma ya Wabwile akiimba kuliko wote. Walipokaribia njia panda, kikapita chombo kwa kasi, kikawamwagia vumbi jeupe kwenye gauni jeupe.

"Umekiona?" Agneta akauliza. "Kilikuwa nini?"

"Ford," Eliakim akasema bila kusita.

Ilikuwa pikipiki, na aliyeipanda alikuwa na koti la ngozi lililoshonwa viraka mgongo mzima.

Agneta akalaza shavu lake kwenye mgongo wa mumewe.

"Ni kweli, baba watoto," akasema. "Ni Ford. Senge, mpe punje yake."